Aliyekaa Kwenye Kiti Changu Siku ya Koito

Ugonjwa huu ulinichukulia ng'ombe wanne wa maziwa, robo ekari ya majani chai, meno mawili ya mbele, na miezi ambayo idadi yake siijui, kwa sababu kila ninayemuuliza ananipa hesabu yake. Ng'ombe nilishawalilia. Yale majani sasa anachuma jirani, nami nikipita nampungia mkono, mkono ule ule uliotia sahihi ya kumuuzia. Meno nimeweka ya bandia. Ile miezi ndiyo bado naidai, na ndani yake kuna siku moja ninayoidai kuliko zote: siku ya koito ya binti yangu Chebet.

Kwa asiyetoka kwetu, koito ni siku watu wa kijana wanapokuja nyumbani kwa msichana kuzungumza mahari, ng'ombe kwa ng'ombe, mpaka wote waridhike. Mimi ni dalali wa ng'ombe. Tangu ujana wangu kazi yangu ni kusimama katikati ya anayeuza na anayenunua, Sigowet, Soin, Mulot, popote penye soko na kinyesi. Na Mungu alinipa mtoto wa kike mmoja tu. Maana yake ni kwamba katika maisha yangu yote ningepata koito moja ya kuzungumza kama baba. Niliingoja kama mkimbiaji anavyongoja mbio za dunia.

Siku ilipofika nilikuwa nimekaa pale, kwenye kiti changu, nimevaa koti. Ndivyo wanavyoniambia. Mimi sikumbuki hata mlango.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyetajiwa jina la ugonjwa huu juzi, na sasa umekaa kwenye benchi la hospitali ukilishika kwa woga kama noti usiyojua ni halali au ni bandia. Mambo ya daktari muulize daktari. Mimi nitakuambia ya kwenye benchi.

Ilianza Mulot, kiangazi cha Januari, siku ya soko. Pale hatuandikiani. Muuzaji anafungua kiganja na kukiweka hewani, anataja bei yake, na wewe unataja yako huku unaondoka, unarudi, unamtukana ng'ombe kidogo, unaondoka tena. Ukikigonga kile kiganja umekubali bei ya mwisho iliyotajwa, hata kama baadaye utagundua ulichonunua ni mbuzi. Siku hiyo mzee mmoja alikuwa na ng'ombe wa jicho moja, na bei aliyotaja ingetosha wa macho matatu. Nikageuka niende zangu. Hapo mkono wangu wa kulia ukaruka wenyewe. Uso nao ukavutika upande ule ule, kama mtu aliyeuma limau. Ilikuwa fupi kama kupepesa jicho. Mkono ukatua kwenye kiganja cha mzee, naye akaufunga.

"Imekwisha," akasema.

"Haijaisha. Sijagonga."

"Umegonga. Na umecheka."

"Sijacheka. Uso umevutika."

"Mimi sinunui uso, baba. Nauza ng'ombe."

Watu walicheka mpaka wengine wakaacha biashara zao waje kuona. Habari kwamba Langat wa Sigowet amenunua kwa bei ya kwanza ilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu Rael alimzunguka yule ng'ombe pole pole, akaangalia jicho, akaangalia kiwele, akaniangalia mimi.

"Huyu umenunua, ama umepewa umtunze?"

Nilisema mkono uliteleza. Baada ya wiki chache ulikuwa unateleza kila saa. Kikombe cha chai kiliruka kikamwagikia mbwa. Kanisani mchungaji aliuliza nani atajitolea kuleta dume siku ya mavuno, mkono ukapanda, na watu wote wakasema amina. Siku moja uliniangusha kwenye ngazi ya duka, na yale meno mawili yakabaki pale.

Halafu hesabu ikaharibika. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Ndiyo dini yangu ya pili. Sasa nikawa nahesabu ng'ombe wangu asubuhi, mara ya kwanza saba, mara ya pili wanane, nami namkasirikia huyo wa nane amejificha wapi. Nilimuuliza Rael swali, akajibu, nikamuuliza tena, akajibu tena kwa sauti ndogo zaidi. Hospitali ya kwanza walisema ni kifafa, wakanipa vidonge. Walisema pia chumvi ya damu imeshuka sana. Rael akaniwekea chumvi kwenye kila kitu, hata uji. Nilimwambia anipeleke tu zizini nirambe ile ya ng'ombe, na nilivyomwona akinyamaza nikajua kwamba amelifikiria.

Kumbukumbu yangu ya mwisho iliyo safi ni ya mvua ya mawe. Ilichapa majani mpaka vichaka vikabaki vijiti, na mabati yalilia hivi kwamba hatukusikiana. Chebet alikuwa nyumbani. Mtu mzima, mwenye kazi yake Bomet mjini, mchumba wake ameshaleta salamu, lakini radi ilipopiga alikuja jikoni akashika pindo la koti langu kama alivyokuwa akishika akiwa na miaka mitano. Nilimcheka. Baada ya hapo hakuna kitu. Si giza, usidhani ni giza. Ni kama umepanda gari Kericho ukashukia Nairobi, na hujui hata kama ulilala.

Nilishukia wodini. Dripu mkononi, jua la dirishani, na Rael kando ya kitanda akimenya chungwa. Nilimtambua. Nikamuuliza kitu ambacho kwangu kilikuwa cha kawaida kabisa.

"Koito ya Chebet tumesema ni lini?"

Kisu kilisimama katikati ya ganda.

"Ilishapita, Baba Chebet."

"Nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo."

"Nani alizungumza?"

Akamaliza kumenya kwanza. "Kipngeno," akasema.

Sasa lazima nikueleze Kipngeno. Ni mdogo wangu wa kunifuata, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzuri sana. Hajawahi kupunguziwa bei ya kitu tangu azaliwe. Anauliza, anaambiwa, analipa, anasema asante. Aliwahi kununua jogoo kwa pesa ya mbuzi na akamwongezea muuzaji nauli. Huyo ndiye aliyezungumza mahari ya binti yangu.

Na ubaya wake ni kwamba alizungumza vizuri.

Rael alinieleza hayo kwa vipande, baina ya dripu na dripu. Kwamba siku ya koito ilikuwa imeshapangwa, watu wa kijana wanatoka Soin na wazee wao, na ukoo ukaona kuahirisha ni kutangaza kwamba baba ana wazimu. Wakanivisha, wakanikalisha, wakamweka Kipngeno kando yangu. Yeye Rael alikuwa jikoni na wanawake, kwa hiyo ya chumbani hakuyasikia. Wiki ileile nilizidiwa, wakaniteremsha Nairobi.

Daktari wangu alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye viatu vya raba. Alikuja na simu yake, akanionyesha picha iliyochorwa.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Dalali wa ng'ombe."

"Basi leo sitahangaika," akasema, akavuta kiti. "Neva zako hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna nafasi, ndogo kupita kiasi. Upande huu kuna proteini imesimama kama muuzaji. Ng'ambo kuna nyingine kama mnunuzi. Mikono yao haifikiani."

"Wanahitaji mtu wa kati."

"Wawili. Ni proteini ndogo, zinatoka na kuelea katikati. Angalia hii. Sehemu moja ni duara, kama feni yenye mapanga saba. Sehemu nyingine imepinda kama pembe. Duara linamshika mtu wa upande wake. Halafu hawa wawili wanashikana wenyewe: pembe ya huyu kwenye duara la yule, pembe ya yule kwenye duara la huyu. Wakishikana hivyo, neva mbili zimeunganishwa, na ujumbe unavuka kwa kipimo."

Niliitazama ile picha sana. Madalali wawili, vichwa vimekutana, kila mmoja amemshikilia mteja wake asikimbie. Sijawahi kuona kazi yangu imechorwa vizuri namna hiyo.

"Na mimi shida yangu?"

"Askari wa mwili wako wamewakamata."

"Kwa kosa gani?"

"Mara nyingi hatujui. Wamewaona, wakawashika."

"Kama kanjo, askari wa jiji na wachuuzi."

Akacheka. "Kama kanjo. Kwa hiyo neva zinapiga kelele bila mpango, mkono unaruka, na sehemu inayoweka kumbukumbu inaumia."

Nikamuuliza bei ya kuwatoa. Akasema ipo: dripu hizi, kisha vidonge vya muda mrefu, kisha dripu nyingine ya kurudia kila baada ya miezi, na nisiache dawa ghafla hata nikijiona mzima. Nikamuuliza kama wakitoka watarudi na ile miezi. Hakunidanganya, naye akawa mtu wa kwanza tangu niugue ambaye hakujaribu. Alisema kilichokuwa hakijawekwa hakiwezi kurudishwa.

Ile dripu ilipoingia vizuri mkono ulitulia. Siku ya kwanza nzima bila kuruka, Rael aliushika akaukata kucha zote, moja moja, kitu ambacho hakikuwezekana tangu kiangazi. Ukiniuliza rehema ilikuwa na sura gani, ilikuwa na sura ya kikatakucha.

Lakini vidonge vina mambo yake, na nakuambia mapema usije ukashtuka. Utapata njaa ya ng'ombe aliyekwenda Mulot kwa miguu na kurudi. Uso utavimba uwe mviringo. Nilirudi nyumbani bonasi ya majani imeshalipwa, watu wakaniangalia mashavu wakadhani nimeila yote peke yangu. Ngozi itakuwa nyembamba, utagonga meza kidogo utoke damu. Na utalia. Nililia kwa ajili ya tangazo la sabuni redioni. Yote hayo yanapungua vidonge vinapopunguzwa, isipokuwa wivu uliokuwa ukinianza, ambao nilikuja kujua hautoki kwenye vidonge.

Kliniki ya kurudia nilihamishiwa Kericho. Kwenye benchi lile nilikutana na Owuor, fundi wa mashine kiwandani, mtu wa kutoka ziwani ambaye amekaa huku mpaka anaomba mvua kwa Kikipsigis, lugha yetu. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta, na plasta ilikuwa imejaa majina ya watu waliomtembelea. Kila aliyepita alisimama. Pole, Owuor. Uliangukaje, Owuor. Mimi nilikaa kando yake na kichwa kilichovunjika ndani, hakuna hata mtu aliyenisogezea kiti.

"Wewe unaumwa nini, mzee?" akaniuliza.

"Madalali wa kichwani wamekamatwa."

Akafikiri. "Mimi ni mguu."

"Naona."

"Kila mtu anaona. Ndiyo raha yake."

Nilimwonea wivu mtu kwa kuvunjika mguu. Naandika ili ujue kwamba wewe si wa kwanza. Kisha yule Owuor akaniona nimechoka, akanipa nafasi yake kwenye foleni, akahamia mwisho na magongo yake. Hakuomba kitu. Nilimshuku mpaka mchana.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Kituo cha majani ndicho bunge letu; watu wanangoja lori na magunia yao, na hawana kazi ila mdomo. Nikifika wananisalimia vizuri, wananipa pole, halafu mmoja anaanza. "Lakini Mwalimu aliwamaliza wale watu wa Soin." Na wote wanasimulia upya, mbele yangu, kama mimi ni mgeni.

Hadithi yenyewe ni hii. Siku hizi ng'ombe wa mahari hawaletwi siku ya koito. Wanaletwa kwenye simu. Wazee wa Soin walikuja na picha, simu ikazunguka mkono kwa mkono, ng'ombe sita, kila mtu akitikisa kichwa kwamba ni wazuri. Walipofika wa nne Mwalimu akasema, huyo mrudisheni. Mmempiga picha upande mmoja tu, na ndama amesimamishwa pale kuficha kiwele. Mzee mmoja wa Soin akakohoa. Wakabadilisha, wakaahidi mtamba mwenye mimba.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilijua kila neno. Ilikuwa kama kukutana na mtu barabarani amevaa shati lako, limemkaa vizuri, na watu wanamwambia amependeza. Ndama wa kuficha kiwele ni kitu changu. Nilikifumbua Sigowet Kipngeno akiwa bado chuo cha ualimu.

"Ulijuaje habari ya ndama?" nilimuuliza siku moja alipokuja kunisalimu.

Aliangalia soli ya kiatu chake. "Nilibahatisha tu, kaka."

Kubahatisha. Mtu aliyenunua jogoo kwa pesa ya mbuzi.

Tangu hapo nilikuwa nikisikia pikipiki yake inapanda kilima, naingia kulala. Harusi ilifanyika wakati wa mvua ndefu, baada ya dripu ya pili, na harusi hiyo ninayo yote, hata rangi ya soda niliyopewa. Ninayo pia sehemu ile mshereheshaji alipomwita Mwalimu asimame, "simba wetu wa koito," na watu wakapiga vigelegele. Sikupiga makofi. Chebet aliona. Jioni alinikuta nyuma ya hema akiwa na gauni lake jeupe amelikunja lisiguse matope.

"Baba, unaniletea wivu hata leo?"

"Si wivu."

"Ni nini basi?"

Rael alikuwa nyuma yake. "Ni dawa," akasema.

Nyumbani kwetu tulisingizia dawa kila kitu mwaka ule. Chebet hakudanganyika. Alifuta matope kwenye kiatu changu kwa karatasi ya keki, akarudi kwa wageni wake, nami nikabaki nikiwaonea wivu wote waliomo ndani ya hema, kwa sababu kila mmoja wao, hata mpishi, alikuwa na koito ya binti yangu kichwani mwake.

Alibaki ng'ombe mmoja. Yule mtamba wa badala ya wa nne: walikubaliana kwamba baada ya harusi upande wetu utakwenda Soin kumchagua zizini, kati ya wale watakaokuwa na mimba. Rael na wazee walikuwa wameshaamua aende Mwalimu. Nilisema nitakwenda mimi. Walinitajia mkono, wakanitajia hesabu, wakanitajia jua la Soin. Nikasema kama sitakwenda mimi basi ng'ombe huyo abaki huko azeeke. Baba aliyekosa koito ya binti yake, akikosa na ng'ombe wa mwisho, si baba tena. Ni picha ukutani. Rael akakubali kwa sharti moja, kwamba Kipngeno anisindikize. Ndivyo anavyopiga bei mke wangu. Hapandi wala hashuki, anakuongezea kitu usichokitaka.

Tulikwenda Januari iliyofuata, mwaka mzima na kidogo umezunguka tangu koito. Soin iko chini, joto lake si la watu wa majani. Baba wa kijana, mzee arap Sigei, alitupokea kwa mursik, maziwa yake ya kibuyu yaliyokaa vizuri, halafu akatupeleka zizini. Aliwatenga mitamba wawili, mmoja mkubwa mwenye baka jeupe, mmoja mdogo wa kahawia. Kipngeno alisimama nje ya ua na kofia yake.

Niliingia. Nilimshika yule mkubwa nyonga, nikamtembeza, nikainama. Nikahesabu chuchu. Nikahesabu tena.

Mzee akacheka nyuma yangu. "Nilijua utahesabu mara mbili. Siku ile ulihesabu hata za kwenye simu."

Nilibaki nimeinama. "Siku gani?"

"Siku ya koito. Ulinitia aibu, Baba Chebet. Lile jambo la ndama."

"Aliyesema ni Mwalimu."

"Mwalimu alipaza sauti tu," akasema mzee, kama mtu anayesema jua limewaka. "Wewe ulikuwa na simu mkononi. Mdomo wako ulikuwa mzito, unasema chini chini, yeye anainama anasikiliza, kisha anatamka. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yako, magoti yetu karibu yagusane. Nilikuwa naangalia mdomo wako, si wake. Anayeuza humwangalia nani?"

Nilimgeukia Kipngeno. Alikuwa anachora kitu mavumbini kwa ncha ya kiatu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanzoni Rael alisema ukikumbushwa siku ile unachafuka, unaumwa tena."

"Na baadaye?"

Akavua kofia. "Baadaye watu walikuwa wananinunulia chai. Kaka, tangu nizaliwe mimi ni mdogo wa Langat mwenye mdomo. Nikasema wacha nikae nayo kidogo."

Sikujua kwamba wivu una pande mbili kama ule mlango wa zizi. Nilikuwa nimeshika upande wangu kwa nguvu, sikuona kwamba na yeye ameshika wake, miaka yote hiyo.

Mzee arap Sigei alikuwa hajamaliza. "Lakini mimi sikumbuki sana ng'ombe," akasema. "Nakumbuka mwisho. Tulipogonga, hukuniachia mkono. Watu wanadhani ni ugonjwa, wanataka kukubandua. Ukaniambia, na hilo ulisema kwa sauti yako mwenyewe: binti yangu anaogopa radi. Mvua ya mawe ikianza msimwache peke yake."

Yule mdogo wa kahawia alikuja akaninusa mfukoni.

"Hatumwachi," mzee akaongeza. "Ikianza kunguruma, mke wangu anakwenda nyumbani kwa binti yako, hapo jirani, na kufuma kwake, anajifanya ametembea tu."

Nimejiuliza tangu siku ile kwa nini habari hiyo haikuniponya. Nilikuwa nimemwonea wivu mdogo wangu mwaka mzima, kumbe sikuibiwa kitu. Lakini wivu haukuondoka, ulihama tu. Sasa namwonea wivu yule mgonjwa mwenye koti. Alikuwa hajui mwezi wala jina la daktari, mkono unamruka, mate yanamtoka, na alizungumza koito ambayo mimi nikiwa mzima nisingeiweza. Mimi ningezungumza ng'ombe vizuri sana, ningewapunja hata na kamba, halafu ningerudi nyumbani nikijisifu. Habari ya radi isingenijia. Yeye ilimjia. Na alikwenda nayo yote, hakuniachia hata kipande.

Palepale zizini nilifanya biashara ambayo sijawahi kuifanya.

"Nitachukua huyu mdogo," nilimwambia mzee. "Yule mkubwa mbaki naye. Lakini tukikaa kivulini uniambie siku ile yote, tangu mlipoingia kwetu."

"Mchukue mkubwa. Nitakuambia bure."

"Ya bure siyaamini."

Akafungua kiganja, akakiweka hewani. Mkono wangu uliondoka nilipoutuma, ukafika nilipotaka.

Aliniambia alichokuwa nacho. Ni kingi, lakini ni cha mtu aliyekaa upande wa pili. Hakuona mgongo wangu, hakuona mlango wa jikoni.

Basi wewe wa kwenye benchi: meza dawa zako, usiziache ghafla. Mtu akikupa nafasi yake kwenye foleni, ipokee. Chagua mtu mmoja mapema akuwekee siku zako, na umchunge asizipende kupita kiasi. Na kama ulipona zamani, ukajua namna ya kuacha kumwonea wivu mtu aliyeishi siku zako kwa mwili wako, niandikie. Mimi bado sijapata.

Na wewe Kipngeno, najua utaisoma hii, maana ndiwe utakayenisahihishia Kiswahili. Ile sifa nirudishie. Siitaki yote; sauti ilikuwa yako, kwa hiyo nakuachia nusu, na hapo sishuki tena. Nusu yangu nilipe kwa maneno. Njoo Jumapili baada ya kanisa, ukae ulipokaa, mimi nikae nilipokaa, uanze na mlango. Ukifika pale nilipokataa kuuachia mkono wa mzee nikataja radi, usipite haraka. Chebet mwenyewe siwezi kumuuliza, naona haya tangu jioni ile nyuma ya hema. Niambie mlango wa jikoni ulikuwa wazi au umefungwa, yeye alikuwa amesimama wapi, na kama alinisikia.